Siku Sista Alipokunywa Maji ya Kiapo

Wiki jana padri alifika kwangu, huku upande wa Katangi, na mwenzake wa kuandika. Wanatafuta kujua kama yule sista wetu wa zamani atatangazwa mtakatifu, na sisi tuliomwona kwa macho tumebaki wachache. Padri akaniwekea Biblia mapajani. "Mama, weka mkono, uape utasema kweli."

Rafiki yangu, mkono ulikataa. Watoto wangu wote wamebatizwa, lakini kiapo nakiogopa mpaka leo. Wewe hukulelewa na nyanya yangu. Akichagua maharagwe alikuwa anatuambia, Mkamba akiapa uongo hafi peke yake. Wanaisha watoto, ng'ombe, mpaka kuku.

Na ni kiapo kilichonifanya nimjue sista. Ilikuwa njaa, tunakula muthokoi mtupu, yale mahindi ya kutwangwa. Hata leo nikisikia kinu mate yananijaa, lakini wacha hayo. Mto ulikauka, tukabaki na kisima kimoja cha kuchimba mchangani. Familia mbili zikakigombania. Wazee wakaleta kithitu, kile kitu chetu cha kuapia, wakasema atakayechota kabla kesi haijaisha, atakufa. Maji tunayaona, na ndugu yangu mdogo midomo imepasuka. Punda walikuwa wanalia kama watu.

Sista akaja na kikombe cha bati. Alikuwa Mkamba, mtoto wa huku huku, na hapo ndipo palikuwa na ubaya: angekuwa mzungu tungesema kithitu hakimjui.

Nyanya akapiga kelele, "Wewe mtoto, utakufa!"

Sista akachota. Mimi nimeshika nguo ya nyanya, niko karibu, nikaona mkono unatetemeka, maji yanamwagikia kifuani. Akafumba macho, akanywa.

Watu wakangoja afe. Kila asubuhi nilikuwa naenda kuchungulia ua wa misheni. Namkuta anafagia. Polepole watu wakaanza kuchota, na ndugu yangu akanywa.

Sasa katekista wetu alikuwa amenionya kabla padri hajafika: "Susu," ndivyo wanavyoita nyanya huku, "hiyo ya kutetemeka uiache. Watakatifu hawaogopi. Utatuharibia." Na mimi namtaka sista awe mtakatifu, namtaka sana. Lakini mkono ulipofika juu ya kile kitabu, nilimsikia nyanya. Nikasema yote.

Mwandishi akainua kalamu. Katekista, aliyekuwa amekaa mlangoni, akashika kichwa. Padri akauliza, "Kwa hivyo aliogopa?"

"Aliogopa kuliko sisi wote, padri. Kikombe kilikuwa kwa mdomo wake."

Padri akachukua Biblia yake. Wakaenda.

Kisima hakiko tena, malori yalibeba mchanga wote kwenda kujenga Nairobi. Nyanya hayuko, vinu vimenyamaza. Hofu tu ndiyo haijazeeka. Nilisema kweli, najua nilisema kweli, lakini tangu siku hiyo nikiamka, kabla ya chai, kabla ya sala, naenda kwanza kuchungulia kuku.