Fundi wa Mitetemo

Mtu niliyemtunga alikuwa na uwezo wa kutawala mitetemo. Akiweka kiganja chini, tetemeko la ardhi linatulia. Akigusa bati la nyumba, bati linalia mpaka wenye bunduki wanatupa bunduki na kukimbia. Risasi ikija anaisikia inavyotikisa hewa kabla haijafika, anaizima kama wewe unavyozima redio. Lakini mtetemo anaouchukua haupotei. Unabaki mikononi mwake. Kwa hiyo shujaa wangu alikuwa na mikono isiyotulia hata dakika moja, isipokuwa akiiweka juu ya kitu kinachotetemeka kuliko yeye.

Niliiandika hadithi hiyo katika madaftari mawili ya shule, hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Kila aliyeisikia aliniuliza: we dada, mawazo haya umeyatoa wapi? Siku moja niliulizwa mbele ya watu wengi, nikasema uongo. Leo nasema kweli, ingawa haimsaidii mtu tena.

Niliyatoa kwa fundi aliyenifundisha kushona.

Alikuwa mzee wa kwetu Bukavu, Kongo, mjane. Kila mtu alimwita Papa Fundi, na mimi pia. Alishonea katika chumba cha matofali mabichi kando ya njia ya soko la kambi, mashine ya miguu ikiwa imewekwa mlangoni apate mwanga. Alinipokea nilipomaliza sekondari, wakati sina kazi ila kununa na kugombana na mama. Siku ya kwanza akaniambia nimtilie uzi kwenye sindano. Nikadhani ni macho. Siku ya pili nikamwona akiinua kikombe cha chai kwa mikono miwili, na chai ikamwagikia mapajani. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka mpaka kwenye viwiko.

Akaona nimeona. Akaweka kikombe chini.

"Mashini iko yangu," akasema. "Sindano ya mukono iko yako. Pindo, vifungo, yote ya mukono utafanya we. Na bantu basijue. Tunasikilizana?"

"Tunasikilizana, Papa."

Nilielewa bila kuelezwa. Njia ile ilikuwa na mafundi wengi, na ni mama gani atampa kikwembe chake, kitenge chake cha thamani, mzee mwenye mikono ya namna hiyo? Wangesema anakunywa. Wengine wangesema alilishwa sumu kule nyumbani, na kwa watu wa Bukavu neno hilo likishatajwa hata chai yako hawanywi. Mashine ile ndiyo iliyokuwa maisha yake. Kama watu wangejua, asingebaki na kitu cha kufanya kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Miaka miwili hakuna aliyejua. Mimi nilipokea nguo, nilitia uzi, nilipiga mapindo, nilishona vifungo. Yeye alikanyaga mashine. Na hapo ndipo palikuwa na ajabu yenyewe: mashine ikianza kunguruma, viganja vyake viwili vikiwa juu ya kitambaa, mikono inatulia. Mshono unatoka umenyooka, huoni kasoro. Akiondoa mguu, vidole vinaanza tena. Nilikuwa namkodolea macho mpaka ananikaripia.

"Unaangalia nini? Mi niko sinema?"

Nacheka, narudi kwenye pindo langu, na kichwani namwona mtu ambaye tetemeko zima la Kivu limeingia mikononi mwake ili watoto walale. Kwenye karatasi, naapa, nilimwandika kwa heshima. Kosa halikuwa kwenye daftari.

Kosa lilikuwa Jumamosi moja alasiri. Vijana wa kanisa letu walikuwa na mkutano wa mashairi na hadithi, ukumbi umejaa, watu wamekaa hata madirishani. Nikasimama na daftari langu. Nikasoma habari ya tetemeko, wakanyamaza. Nikasoma habari ya risasi, wakanyamaza. Mimi mjinga sikujua kwamba kunyamaza kule kulikuwa kusikiliza. Nilidhani wamechoka. Nikaogopa. Basi nilipofika mahali shujaa anapokunywa chai, nikaweka daftari chini, nikaanza kuigiza.

Niliinua kikombe kisichokuwepo kwa mikono miwili. Nikaitetemesha. Nikatoa mdomo mbele kama yeye anavyoutoa, nikaukosa ukingo wa kikombe, nikajimwagia mapajani, nikaruka. Jamani, ukumbi ulivunjika kwa kicheko! Mtu akapiga kelele kutoka nyuma:

"Eh! Si njo Papa Fundi huyo?"

Nilipaswa kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto analijua. Lakini watu walikuwa wanacheka kwa ajili yangu, na katika maisha yangu sikuwa nimewahi kuchekesha hata watu watano. Nikainama kama anayepokea sifa, nikainua kikombe mara ya pili. Safari hii nikaongeza kikohozi chake.

Mstari wa tatu alikaa mama mmoja ambaye vikwembe vya ndoa ya binti yake vilikuwa kwetu, vimekatwa tayari. Naye alicheka. Kisha nikamwona ameacha kucheka, anafikiri.

Jumatatu alikuja mapema.

"Papa, jambo. Ile bikwembe ya ndoa, nipatie kwanza. Famille ya bwana banasema tungojee."

"Nimeshakata, mama."

"Ata kama. Nipatie vile iko."

Papa Fundi akavikunja kimoja kimoja. Mashine ilikuwa imesimama, basi hakuwa na mahali pa kuficha mikono. Yule mama hakuangalia vikwembe, aliangalia vidole vyake mpaka cha mwisho. Mimi nilikuwa naangalia mkasi.

Baada yake akaja mwingine, na mwingine. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa na adabu. Walisema "pole, Papa," walishukuru kwa Kichewa, "zikomo," walichukua kitambaa, walivuka njia na kuingia kwa fundi wa pili, nasi tunawaona. Watoto walipopita walishika vikombe vya hewa. Rafu ikabaki na sketi moja ambayo mwenyewe alishahama kambi. Papa Fundi hakuniuliza lolote. Nikajidanganya kwamba hajui chanzo. Asubuhi nafika, nafagia, namsalimu, namtilia uzi kwenye sindano ambayo haina kazi. Ndivyo nilivyokuwa mnafiki, na nilikuwa mnafiki mwenye kuwahi kazini.

Kisha nikapata mwaliko. Mtu aliyekuwa ukumbini siku ile alikuwa ameeleza habari za hadithi yangu kwa watu wa mjini, nao wakaniita nikaisome Lilongwe, City Centre, kwenye jumba zuri lenye viti vya kukunjika. Nilimwambia Papa Fundi tu kwamba naenda kusoma. Akaniangalia sketi yangu.

"Na ile jupe? Apana. Utanipatisha haya."

Akafungua sanduku, akatoa kikwembe cha bluu alichokuwa amekiweka ajishonee shati la Krismasi. Akanipima. Akakata, na kwenye mkasi alijikaza mpaka jasho likamtoka. Mashine aliimaliza siku moja. Nikanyoosha mkono nichukue gauni nipige pindo, kama kawaida yetu.

"Leka," akasema. "Hii usiguse. Utasimama mbele ya bantu. Mi njo nitashona yote."

Pindo lile lilimchukua siku tatu. Alikaa kwenye kigoda, gauni juu ya magoti, anachoma kitambaa, anajichoma kidole, anapumua, anachoma tena. Nilijifanya napanga uzi. Alipomaliza akaung'ata uzi, akanipa, akasema "Enda uvae."

Lilinikaa vizuri mno. Ila pindo, Mungu wangu! Mshono mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja umepanda, mmoja umeshuka, kote kuzunguka, wazi kwa kila mwenye macho. Nikamshukuru. Nikamwambia ni zuri.

Siku yenyewe nilipanda minibasi asubuhi, nikiwa nimeketi na macho yamebandikwa kwenye magoti yangu. Tulipofika Lumbadzi mama mmoja alishuka akipita mbele yangu, akatupa jicho chini. Labda alikuwa anaangalia kuku wake. Mimi nilijua ameona pindo. Kutoka hapo mpaka mjini sikuwaza hadithi, niliwaza wale watu wa City Centre na viti vyao, wanaangalia miguu yangu na kusema, maskini, mkimbizi.

Nilikuwa nimewahi. Nikashuka, nikaenda mtaa wa Mchesi. Kulikuwa na fundi barazani, Mnyarwanda, anaongea Kiswahili chetu. Nikamwomba anipigie pindo upya haraka. Nikajifunga kitambaa cha chitenje nyuma ya pazia, nikampa gauni. Akaligeuza, akacheka kidogo, bila ubaya.

"Nani alishona hii? Mutoto?"

"Ee," nikasema. "Kuna mutoto anajifunza."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba nilisita, lakini sikusita. Akafumua kwa wembe. Siku tatu za Papa Fundi zilianguka sakafuni kwa dakika chache, vipande vya uzi wa bluu, akavisukuma kwa mguu. Uzi wa bluu hakuwa nao, nikamwambia weka mweusi, nani ataangalia. Mashine yake ilipita mara moja kuzunguka, ikawa imekwisha.

City Centre nilisoma bila kuigiza. Kikombe cha chai nilikisoma kama kilivyoandikwa, na hakuna aliyecheka. Mama mmoja mwenye miwani alifuta macho. Hapo nikajua kwamba ukumbi wa Dzaleka nao ungenisikiliza hivi hivi kama ningekuwa na subira. Walipopiga makofi, mtu akainua mkono akauliza: huyu mwenye mikono ya mitetemo, kuna mtu unayemjua?

"Hapana," nikajibu. "Ametoka kichwani mwangu."

Kumbe neno hapana nilikuwa nalo. Nyumbani, ambako lingemwokoa, nililimeza. Mjini, ambako jina lake lingempa heshima, nikalitoa haraka.

Nilirudi jua likiwa bado kali. Nilitaka kupita nyumbani kwanza kubadili nguo, lakini alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake akiangalia njia.

"Kuya, kuya! Banapiga makofi?"

"Walipiga sana, Papa."

"Bon." Akarudi kuketi kwenye kigoda. Akauliza, akiangalia mashine wala si mimi: "Na ile fasi ya chai? Ulifanya kule pia?"

Alikuwa anajua. Alijua tangu Jumamosi ile ile, kabla ya vikwembe vya ndoa, kabla ya sanduku, kabla ya siku tatu za pindo. Alijua, na bado alinishonea.

"Hapana, Papa. Kule sikufanya."

"Banacheka?"

"Hawakucheka."

"Njo muzuri," akasema, na uso wake ukafunguka. "We mutoto iko na mudomo, lakini unaandika muzuri. Karibia nione vile nguo ilitembea."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikasogea. Akainama, akashika pindo kati ya kidole gumba na cha shahada. Akalipitisha pole pole, akafika kwenye kiungo, akalipindua upande wa ndani. Mikono ilitetemeka na gauni lote likatetemeka nayo mpaka kiunoni kwangu. Niliusikia mtetemo ule mwilini.

"Hii iko mashini," akasema. Akaangalia tena. "Uzi mweusi."

Akaachia.

"Huyu iko na mukono muzuri. Umutafute, akufundishe ile inabakia."

Hakupandisha sauti. Alichukua kile kitambaa cha kufunikia mashine, akaifunika, ingawa jua lilikuwa bado juu na watu wanapita. Nikasema nisamehe. Akajibu "ee," kama mtu anayejibu salamu njiani, na tangu siku ile hajaniita tena "mutoto."

Siku hizi anashona mifuko ya shule kwa magunia, mistari mirefu ya mashine tu, kitu ambacho hakuna mtu anayekiulizia pindo. Nikipita ananisalimu. Mimi nashonea kwa watu, na bado naandika, na watu bado wanampenda yule shujaa.

Gauni ninalo. Niliufumua uzi mweusi, nikanunua wa bluu. Ukiinua kitambaa kwenye mwanga unaona matundu ya sindano yake, moja juu, moja chini. Nilitaka kupita mle mle. Nimejaribu mara nne, nimekaa kwenye kigoda kama yeye, nimejichoma kama yeye. Siwezi. Mkono wangu unaenda sawa.