Dawa ya Ng'ombe kwa Paka wa Mama Mkwe

Mimi nimezaliwa kwa watu wa ng'ombe huko Kenya. Nikiwa mtoto nilikuwa namshikia baba ndoo siku ya kuogesha mifugo, naye alipima dawa ya kupe kwa kizibo cha chupa, kwa jicho tu, na hakuna ng'ombe aliyekufa. Nikakua nikijua kwamba mnyama ni mnyama na dawa ni dawa. Leo nina miaka kumi na mbili Kampala, nauza vipuri vya magari Kisenyi, sina hata kuku, lakini ujuaji huo sikuuacha mpakani. Ungeniuliza habari za mnyama yeyote ningekujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Mke wangu ni askari polisi, mtu wa kaskazini mwa Uganda, binti wa mwanajeshi. Mama yake ni mjane. Alikuja kwetu Kisugu kutibiwa mguu, akakaa. Sasa, kwao, mama mkwe na mwanamume aliyemwoa binti yake huheshimiana kwa mbali. Hawaongei hivi hivi, hawatazamani usoni, hawali pamoja. Hilo ni rahisi kwenye boma lenye nyumba tano. Sisi tulikuwa na vyumba viwili na sebule ambayo ukinyoosha miguu unagonga televisheni.

Paka ndiye aliyetuokoa. Alikuwa paka jike wa kijivu, mali ya mama, aliyekuja naye ndani ya kikapu. Mama akitaka kuniambia jambo alimwambia paka, kwa Kiswahili chake cha kambini: "Paka, ambia huyu baba chai yake inapoa." Nami najibu, "Paka, mwambie mama nakuja." Mwanzoni nilicheka moyoni. Baadaye nikazoea, na niseme ukweli, nikapenda. Kupitia kwa paka yule mama mkwe alinisuta nilipochelewa, alinisifu nilipoleta nyama nzuri, aliniuliza kwa nini nimekonda. Mke wangu alisema anaishi na vichaa watatu.

Jumamosi moja mama akasema, "Paka, ambia huyu baba viroboto wanamaliza wewe." Hakuniagiza kitu. Pengine alikuwa anapiga soga tu. Lakini mimi nilisikia ombi, tena ombi la mama mkwe, na kichwa kikavimba. Jioni ile ile nikapita kwenye duka la dawa za mifugo nikanunua chupa ndogo ya dawa ya kupe. Muuzaji aliniuliza ni ya ng'ombe wangapi. Nikamwambia ni mmoja, tena mdogo. Tukacheka wote wawili. Ningemwambia tu kwamba ni ya paka angeninyang'anya ile chupa.

Jumapili mama alienda kanisani, mke wangu alikuwa kazini. Nikapima kwa kizibo kama baba. Nikamwogesha paka mpaka nyuma ya masikio, akinipiga makucha, nami namwambia tulia mama, ni kwa faida yako. Sikumsuuza, kwa sababu ng'ombe hasuuzwi. Nikampangusa, kisha nikamtia poda ya mtoto mwili mzima, ili mama akirudi amkute ananukia.

Kitu ambacho hakikunipitia akilini ni hiki. Ng'ombe ukishamwogesha hukauka akaenda zake malishoni. Paka akilowa hukaa chini na kujilamba, kuanzia mkia hadi kidole cha mwisho. Nilikaa kwenye kiti nikamtazama akijilamba, na nikawaza, ona mnyama anavyopenda usafi.

Mama aliporudi alimkuta chini ya meza, povu mdomoni, miguu imekaza kama vijiti, mwili mzima unatetemeka. Akapiga magoti na mguu wake ule mbovu. Akauliza, bila kumtazama mtu, "Amekula nini?"

Hapa lazima nimtaje jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke wa Kongo. Kwenye ploti tuliyopanga wote wanaongea Kiganda, na mama mkwe hajui Kiganda. Huyo Mkongo ndiye peke yake aliyeongea naye Kiswahili. Kila alasiri walitandika mkeka mmoja wakachambua simsim, yaani ufuta, wakisimuliana habari za waume zao marehemu. Na wiki ile jirani alikuwa ameweka sumu ya panya chumbani kwake, akapita kila mlango kuwaambia wenye kuku wawafungie.

Basi mama alipouliza amekula nini, nilisema, "Labda amekula panya mwenye sumu." Sikutaja jina la mtu. Nimejitetea kwa hilo mara nyingi, kwamba sikutaja mtu. Utetezi wa kipumbavu kabisa.

Tulimkimbiza kwa daktari wa wanyama Bugolobi, mimi na mama, paka amefungwa kwenye kitenge chake. Daktari aliuliza ameanza saa ngapi, amekula wapi. Halafu akanusa, akauliza, "Mwilini mmemtia kitu?" Mama mkwe alikuwa amesimama kando yangu, amemshika paka kichwa. Nikasema, "Poda tu, daktari." Akamtibu kama mnyama aliyekula sumu ya panya, akamlaza pale.

Jioni mama hakuingia ndani. Alisimama mlangoni kwa jirani, mbele ya watoto wa yule mwanamke, akamwambia, "Mimi nilikula kwako. Nilikaa kwa mkeka yako. Na wewe ni mtu mbaya." Mimi nilikuwa ndani nasugua beseni nililomwogeshea paka. Nilisikia kila neno, na jirani akijibu kwa upole kwamba sumu ilikuwa uvunguni, mlango umefungwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na aliyekuwa nguoni mwa mama alikuwa mimi, nimeshika brashi. Sikutoka.

Asubuhi nikaenda peke yangu kwa daktari nikamwambia ukweli, chupa mkononi. Aliisoma ile karatasi ya chupa, akanitazama. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Alisema, "Ungesema jana, ningemwosha jana." Akamwosha hapo hapo, kwa sabuni, maji mara tatu. Kufikia jioni degedege zilikwisha. Macho hayakurudi. Paka yule hajaona tena tangu siku ile, na kosa la kwanza lilikuwa ujinga, ujinga naweza kujisamehe. Lile la kumwambia daktari ni poda tu nimeshindwa.

Nilimwomba daktari asimwambie mama. Nikamrudisha paka nyumbani. Mama akampakata, akamsikiliza anavyopumua, halafu akasema, "Paka, ambia huyu baba asante. Yeye alipeleka wewe hospitali." Nilitoka nje nikasimama karibu na mfereji, bomba la ploti, kama mtu anayesubiri maji.

Nikawa mtu wa dagaa. Kila siku narudi na dagaa wa paka kwenye karatasi. Nikapiga marufuku mtu kuhamisha viti, maana paka alikuwa amejifunza njia zake kwa kuhesabu miguu ya viti. Mke wangu alifurahi, akasema hakujua nina moyo laini hivyo. Kisenyi waliponisikia nikiulizia maziwa ya paka walinicheka wiki nzima, Mkenya amekuwa yaya wa paka. Niliwakasirikia, nikamrushia mmoja spana. Ni paka tu, walisema. Wangejua.

Kibaya zaidi, paka alinipenda zaidi. Akisikia hatua zangu anakuja akigonga gonga, anapanda mapajani, anajikunja. Hakuwa na habari kwamba ni mimi.

Siku moja jirani alinikuta mferejini. Alisema, "Shemeji, mimi mama yako nampenda. Sumu yangu haikutoka chumbani. Wewe ni mtoto wake, utamwambia akusikie." Nikamwambia nitamwambia. Nilimwambia hivyo nikimtazama machoni. Sikusema kitu. Nilijiambia nitasema Jumapili, kisha nitasema mwisho wa mwezi, kisha mguu wa mama ukapata nafuu nikaona nisimharibie furaha. Mwezi wa tatu tangu Jumapili ile jirani alifungasha magodoro kwenye pikapu akahama na watoto wake. Mama alikuwa amekaa kizingitini akichambua simsim, hakuinua kichwa.

Baada ya daktari, niliyemwambia kwanza ni fundi wa gereji ninayemuuzia vipuri, Mwislamu mmoja mwenye paka saba. Nilitegemea atanicheka. Hakucheka. Alisema, "Paka hana cha kukusamehe, hajui. Nenda kwa mwenye paka. Na ukizidi kukaa, utakuwa huombi msamaha, utakuwa unatafuta kupumua wewe tu."

Alasiri hiyo hiyo nikamkuta mama peke yake kwenye mkeka. Paka akanipanda mapajani. Nikaanza, "Paka, mwambie mama kwamba Jumapili ile, alipokuwa kanisani, mimi nilikuogesha." Nikaeleza kizibo, nikaeleza dawa ya ng'ombe. Mama aliendelea kupepeta ungo. Nikaeleza swali la daktari, na poda. Ungo ukasimama. Nikaeleza maneno ya jirani pale mferejini, maana nilishaona kwamba nikibakiza hata hilo moja nitakuwa sijasema kitu. Nililia, sitaficha, mtu mzima mwenye ndevu.

Mama mkwe akainua uso akanitazama usoni. Tangu nimwoe binti yake hakuwahi kunitazama hivyo.

"Yule mama alituma wewe kwangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulinyamaza."

Hakuwa ananiuliza. Akainuka, akaenda mlango wa pili, akabisha. Wapangaji wapya wakatoka, kijana na mkewe, wakamwuliza kwa Kiganda anataka nini. Kiganda hakijui, akarudi kwenye mkeka.

Usiku ule nilimweleza mke wangu yote, tukaanza kumtafuta jirani. Mke wangu, kwa uaskari wake wote, alipiga namba aliyokuwa nayo mpaka tukaikariri, haipatikani. Mimi niliuliza kwa Wakongo wa Kisenyi wanaouza vitenge, nikaeleza watoto wangapi, wa umri gani. Mmoja alisema amesikia walirudi kwao, mwingine alisema wako njia ya Entebbe. Bado nauliza. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini mtu hawezi kukaa tu akiyatazama.

Mama hakuhama, wala hakumwambia mke wangu aniache. Alichofanya ni kuanza kuongea nami. "Chai iko mezani." "Funga mlango." Ananitazama machoni na kuniambia, kama anavyomwambia kondakta au muuza mkaa. Gerejini walinipongeza, wakasema hatimaye umekuwa mtoto wa nyumbani. Mke wangu hakunipongeza. Yeye ni wa kule, anajua ile staha mtu huwekewa kwa sababu anastahili, na siku ya kwanza aliposikia mama yake akiniita moja kwa moja aliingia chumbani akafunga mlango.

Juzi nilijaribu. Tulikuwa wawili sebuleni, paka mapajani mwangu. Nikasema, "Paka, mwambie mama chai ya leo ni tamu."

Mama akainuka, akamchukua paka kutoka mapajani mwangu, akamweka kwenye bega lake.

"Ambia mimi wewe mwenyewe," alisema. "Huyu usimtie kwa mambo yako tena."

Nikamwambia mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa, akaenda jikoni.