Taa ya Kuingia Sandukuni

Ilpo Raatikainen alikuwa na miaka sabini na mbili binti yake Saimi alipompigia simu kumwambia kwamba anaolewa mwezi wa Juni, na kwamba wiki hiyohiyo yeye na mchumba wake Joonas watahamia Lisbon.

"Baba, usituletee kitu kikubwa," alisema. "Tunaondoka na masanduku mawili tu."

Ilpo akabaki anaitazama taa ya jikoni. Aliitengeneza mwenyewe mwaka wa arusi yake, enzi alipofanya kazi kwenye kiwanda cha plaiwudi kando ya ziwa. Ilikuwa kubwa kama kapu la viazi, na alipokuwa akiileta kwa basi abiria mmoja aliikalia. Mkewe Orvokki hakununa. Aliitundika kwenye kona, ubavu uliobonyea ukatazama ukuta, wakaishi nayo hivyo mpaka Mungu alipomchukua.

Saimi naye atapata taa, Ilpo aliamua, ila hii italala bapa kama gazeti, na ataisimamisha kwa mikono mitupu, bila skrubu. Alichora mbavu kumi na mbili za ubao mwembamba, zinazochomekwa kwenye pete mbili. Za kadibodi zilikubali. Za mbao alizonunua mjini zilipasuka moja baada ya nyingine, kila alipozikunja.

Ndipo akakumbuka furushi darini. Kiwanda kilipofungwa, kila mfanyakazi alipewa mbao za mbetula, mti wa gome jeupe, zilizokwisha kuchongwa, nyembamba kama ganda la kitunguu. Alipolifungua, harufu ikamrudisha kwenye magogo yaliyotoka kwenye maji ya moto yakifuka mvuke, na kwa Orvokki akiwa kwenye mdomo wa mashine, kitambaa kichwani, akizipokea mbao kwa mikono miwili kama mtu anayekunja shuka. Jumamosi walipokwenda kucheza dansi, nywele zake zilinukia mti mbichi.

Kwenye pembe ya ubao mmoja palikuwa na alama ya penseli, herufi ambayo Orvokki aliandika alipopanga mbao kwa daraja za ubora. Ilpo alishika msasa aifute, akauweka chini. Alizibandika mbao kwa gundi tatu tatu, nyuzi za mti zikipishana, na ule wenye alama akauelekeza ndani. Safari hii zilikunjika bila kupasuka.

Alimwita jirani yake Kerttu, aliyefanya kazi mashine moja na Orvokki, aiunge bila maelekezo. Kerttu alihangaika hadi kahawa ikapoa.

"Hii ni taa au mtego wa samaki?"

"Endelea."

"Orvokki angekuuliza, mtu atajuaje juu ni wapi na chini ni wapi?"

Kweli angeuliza hivyohivyo, na kwa sauti ileile. Kesho yake Ilpo alipunguza upana wa ncha za juu za mbavu na wa mikato ya kuzichomekea kwenye pete ya juu, ili ubavu uliogeuzwa usiingie.

Siku ya arusi Saimi alifungua kile kifurushi bapa akidhani ni sinia. Yeye na Joonas wakakaa kwenye ngazi za nyumba ya Ilpo na nguo zao za arusi, wakaanza kuchomeka, wakibishana kidogo. Ilpo alifunga mikono nyuma ili asiwasaidie. Taa ikasimama.

Lakini jua la Juni la huko kaskazini halikuwa na haraka ya kuzama hata usiku, na taa ilipowashwa mwanga wake haukuonekana. Wakateremka wote wanne, Kerttu akiwemo, kwenye stoo ya viazi iliyochimbwa chini ya ardhi, wakivuta waya nyuma yao, wakafunga mlango. Mwanga ukapenya kwenye mti, mwekundu kama chai ya rangi. Saimi aliinama akachungulia ndani, akaiona ile alama. Aliujua mwandiko. Aliushika mkono wa baba yake, wakasimama hivyo mpaka Kerttu alipowaambia kwamba miguu yake inaganda na supu ya samaki inaliwa na wengine.

Vuli ilipoingia, Saimi aliandika kwamba jirani wao wa Lisbon anaitaka taa kama ile. Ilpo alimjibu kwamba mbao zilizobaki zinatosha taa moja tu, na hiyo ameshaanza kuikata, ya jikoni kwa Kerttu.