Moyo Ndani ya Sanduku

Nichekeni tu, ila mngekuwa mimi mngekimbia.

Tulikuwa tunamzika Papa Zakayo, jirani yangu wa Muheto, aliyekausha kahawa ya Mzungu maisha yake yote. Mimi ni mtu wa ng'ombe, nimelelewa kwa maziwa. Asubuhi ile mjane wake alinimiminia vikombe vinne vya kahawa, ya kwanza maishani mwangu, nikaona haya kukataa. Ukungu ulikuwa mzito. Nililibeba sanduku la maiti begani pamoja na wenzangu, sikio limegusa ubao, na humo ndani nikasikia: du, du, du. Tulipoanza kupanda kilima, mapigo yakaenda mbio.

"Musimame! Papa iko muzima!" nikapiga kelele.

Mjane akalilalia sanduku, akaita jina la mumewe. Misumari ikang'olewa. Papa alikuwa amelala vilevile, pamba puani.

"Lakini bado anagonga!" nikalia, maana niliyasikia yale mapigo.

Mjane akanisogelea, akaweka kiganja kifuani mwangu.

"Ni moyo yako, mutoto wangu. Kahawa inakimbizaka moyo. Njo maana bwana yangu alikuwa anaiogopa."

Akawageukia wabebaji. "Mufunge."