Siku Masele Aliposhindwa

Kwa kubishana, vijiji vyote vya kando ya Bariadi vilimjua Masele. Tangu makampuni ya watu binafsi yaanze kugombea pamba na chama cha ushirika, wanunuzi walimwogopa kuliko ukame. Akisimama mbele ya mizani, mjanja anarudisha ujanja wake mfukoni. Kwa hiyo asubuhi ile alipoegesha baiskeli nje ya ukumbi wa parokia ya Somanda, hakudhani kuna wa kumzuia. Alikuja kumchukua binti yake, Scola. Pamba ilikuwa imepasuka shamba zima, lori la kampuni liko njiani, na mikono haitoshi. Kweli, siku ya Pasaka alimwahidi binti huyo likizo yote ya Juni kwenye kambi ya vitabu ya Padre Selestini. Lakini Pasaka ni Pasaka, na pamba ni pamba.

Scola alimwona mlangoni, akaja kupiga magoti, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Funga mizigo yako, twende."

Uso wa binti ulisinyaa. Padre ndiye aliyemwomba Masele akae kidogo, wamalize kusoma.

Vijana walikuwa wameketi duara, kila mmoja na karatasi zake. Walisoma kisa cha kale cha mfalme aliyemwahidi mchungaji wake mwaka mzima wa kupumzika. Vita vikazuka, mfalme akamwita arudi. Je, alitenda haki? Masele alishangaa kuona watoto wanampinga padre waziwazi, na padre mwenyewe anachekelea! Sharti lilikuwa moja tu: kabla hujampinga mtu, useme kwanza hoja yake mpaka akubali kwamba umemwelewa.

"Na mgeni wetu anasemaje?" aliuliza padre.

Masele hakuhitaji kubembelezwa. "Neno ni la aliyelitoa. Mfalme anaona shida asizoziona mchungaji. Amelirudisha, basi!"

Scola alisimama.

"Baba anasema anayebeba mzigo wa nyumba ndiye anayejua lini ahadi imemzidi nguvu. Mfalme hakukusudia kumdhulumu mchungaji. Aliogopa wasije wakafa wote. Nimesema sawasawa, baba?"

Masele alikohoa. Alikuwa amesemewa vizuri kuliko alivyosema mwenyewe.

"Ndivyo."

"Sasa baba, ng'ombe ukishawatoa mahari, halafu mvua ikakatika, unaweza kwenda ukweni kuwadai?"

Ukumbi mzima ulicheka. Masele alitafuta jibu kwenye dari, akalitafuta sakafuni, wapi! Ajabu ni kwamba hasira haikuja. Kilichokuja ni fahari, ikamjaa kifua mpaka akaona shati linambana. Huyu aliyesimama pale ni wake, wa damu yake kabisa.

Alichukua kofia yake.

"Padre, mnamaliza lini?"

"Jumapili ya wiki ijayo."

"Basi nitamfuata Jumapili hiyo."

Njiani hakumpita mtu bila kumsimamisha na kumsimulia. Alipofika shambani, mkewe Nyamizi alitazama keria ya baiskeli, akaiona tupu.

"Baba Scola, si ulikwenda kumchukua mtoto? Yuko wapi?"

"Amenishinda," alisema Masele, meno yote nje, huku akijifunga gunia la kuchumia kiunoni. "Mbele ya watu, Mama Scola! Mbele ya padre! Haya, nionyeshe mstari wake, nitauchuma mimi."