Sukari ya Bibi Kutu

Wanafunzi walimwita Bibi Kutu, naye alijua. Alikuwa mwalimu wetu wa fizikia, mwembamba, kucha zake hazitakati, kwa kuwa miaka nenda miaka rudi alisaga madini mekundu ya chuma kwenye kinu kidogo kama mtu anayetayarisha viungo vya mchuzi. Mlangoni pa maabara yake palikuwa na ndala. Viatu vigumu viliachwa nje, maana mtikisiko wa hatua huharibu kipimo.

Alichopenda katika madini yale ni ukaidi wake. Kila atomu ya chuma ndani yake ni sumaku ndogo, lakini nusu zinaelekea huku na nusu kule, zinafutana.

"Kama ndoa yangu," alisema. "Mimi kushoto, mzee kulia, na nyumba imetulia."

Alitaka kujua kama sumaku kubwa ya maabara ingeweza kuzigeuza zikae kingamo, kama gogo lililokatiza njia. Alipitisha miale ya gamma kwenye kidonge cha unga ule, huku chanzo cha miale kikienda mbele na kurudi nyuma, na kompyuta ikachora mstari wenye mabonde sita. La pili na la tano yakizama sana, ujue zimekaa kingamo.

Mwaka ule yakazama. Bibi Kutu alipiga makofi peke yake, akaandika ripoti. Ilikuwa kazi yake ya mwisho. Heliamu inayopoza ile sumaku ilikuwa inakwisha, na nyingine isingefika kabla hajastaafu.

Mimi, ambaye hata "ndiyo" nilijibu kwa kichwa, nilikipima kidonge kilekile cha unga kwenye mashine ya zamani isiyo na sumaku. Mabonde yakazama vilevile.

Asubuhi nzima nilizunguka na mchoro ule mfukoni. Nilifika mlangoni, nikavua viatu, nikavivaa tena. Fundi mitambo, ambaye kazi yake ilikuwa kujaza heliamu, akaniona.

"Dada, unajaribu ndala au? Ingia useme. Hang'ati."

Nikaingia. "Samahani, Mwalimu. Hata bila sumaku inatoka hivi."

Alitazama mchoro mpaka nikatamani kutoroka. Akavua miwani. Kisha akatazama kidole gumba chake.

"Ni huyu," alisema. "Nimebonyeza."

Chembe za unga ule ni bapa kama magamba ya samaki. Ukizibonyeza zinalala zote chali, na sumaku zake ndogo zinalala nazo kabla hujawasha kitu.

"Kila mwaka nawagombeza wanafunzi wasibonyeze! Fundi, heliamu inatosha kipimo kimoja?"

"Kimoja, mama. Cha pili nitapoza kwa kupuliza na mdomo."

Akatoka kuelekea chumba cha chai, akarudi na kopo la sukari. Akaisaga, akaichanganya na unga mwekundu, ili kila chembe isimame inavyotaka.

"Na chai yetu, mama?"

"Kunyweni hivyohivyo. Mna vitambi."

Bila sumaku, mabonde yalirudi mahali pake. Sumaku ilipowashwa yakazama, kidogo kuliko mwanzo, lakini yakazama. Safari hii hakupiga makofi. Alikaa kwenye stuli, akashusha pumzi.

"Sasa hii ni kweli," alisema, akaifungua ripoti na kuanza kufuta.

Siku ya kuisoma mbele ya idara nzima alisema, "Nilikosea, binti huyu akaniambia." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba alikuwa na kiu, akaletewa maji. Nilitazama sakafu, lakini mgongo wangu ulinyooka.

Leo nami nafundisha, na ndala ziko mlangoni pangu. Nikisikia mtu huko nje anavua viatu na kuvivaa tena, huacha kila kitu nikaenda kumfungulia.