Kioo na Kamba

Mvua ikianza kunyesha, mwanga huongezeka au hupungua? Swali hilo lilininyima usingizi kwa wiki nzima nikiwa darasa la saba mjini Kitengela, katika miaka ya tisini, na kila nilipopata jibu nililitilia shaka kabla ya kugeukia upande wa pili wa kitanda. Labda ulikuwa upuuzi. Lakini ni mimi niliyepewa kazi ya mwanga katika igizo la nyimbo la shule yetu, na igizo lenyewe liliishia pale mvua inaporudi baada ya ukame. Nikikosea hapo, nilijiambia, wazazi watacheka, na rafiki yangu Naserian, mwenye wimbo wa mwisho, atakuwa ameimba bure.

Tulifanyia mazoezi katika ukumbi wa mabati wa kanisa jirani. Ulinuka vumbi na jasho, na kufikia saa sita paa lilikuwa likilia tik, tik kwa joto. Stima haikuwapo. Mwanga wetu ulikuwa madirisha kumi yenye vifuniko vya mbao vilivyoning'inia kutoka juu, vikishikiliwa wazi kwa vijiti. Kwa kuwa hatukuwa na pazia, Mwalimu Kilonzo, aliyetunga igizo, alinionyesha jinsi ya kuunganisha vijiti vyote kwa kamba moja ya katani. Sehemu ya kwanza ikiisha ningevuta, vifuniko vianguke, na waigizaji wajipange upya gizani. Kisha tungezunguka ukumbi mzima tukivifungua kimoja kimoja. Kwa mvua alikuwa na mpango mwingine. Alileta kioo cha kabati kutoka nyumbani kwake, akanisimamisha kwenye mlango wa pembeni, akanifundisha kulidaka jua na kulitupa usoni mwa Naserian. "Furaha ni mwanga, Mwende," alisema. "Hapo lazima mtu atoe machozi."

Mara ya kwanza nilipojaribu, Naserian alifumba macho na kuacha kuimba.

"Wewe, kwani mvua ya kwenu Machakos huja na jua?"

"Hiyo ni furaha," nikamjibu.

"Huo ni ukame! Jua tuko nalo tangu mwaka jana na ng'ombe wamekwisha. Muulize Koko."

Koko alikuwa nyanya yake, na sote tulimwita hivyo. Sikuthubutu kumuuliza, lakini Naserian alinieleza mwenyewe tukienda nyumbani. Koko aliwaambia kwamba Mungu akiwa mweusi ndipo analeta mvua. Akiwa mwekundu ndipo anachoma nyasi. Kwao Wamaasai, wingu likiwa jeusi kabisa, watu huanza kutabasamu. Baba yake alikuwa amehamisha ng'ombe hadi upande wa Oltepesi, akarudi na wanne.

Siku mbili nilipanga maneno ya kumwambia mwalimu, nikayabadilisha, nikayapanga tena. Nilipoyasema hatimaye yalitoka yamechanganyika. Hakunikemea. "Giza kwenye wimbo wa furaha? Watadhani tumeharibikiwa," alisema, na jambo lililonitesa ni kwamba hata yeye niliona ana haki. Kioo ningeweza kukigeuza nikiona kimekosea. Vifuniko vikishaanguka, vimeanguka.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani, na ilibidi niwaombe washuke mmoja mmoja kwa kuogopea vichwa vyao. Koko alikaa mstari wa mbele akiwa na mjukuu mdogo mapajani. Baba yake Naserian alisimama ukutani, fimbo mkononi, mahali jua la saa nane lilipokuwa likimpiga usoni. Hakusogea. Alikaza macho tu, kama mtu aliyekwisha kuizoea adhabu hiyo.

Sasa nimemaliza chuo na kazi yangu ni taa za jukwaani, katika kumbi za Nairobi zenye viti laini na hewa baridi. Nakaa nyuma kabisa mbele ya mashine yenye vitufe vingi kuliko madirisha yote ya Kitengela ya wakati ule, na nikikosea narudisha mwanga kabla mtu hajapepesa macho. Bado najiuliza maswali arobaini kabla ya kugusa kimoja. Tofauti ni kwamba kutoka nilipo naona visogo tu. Sijui aliyekaa pale amepoteza nini mwaka huu. Siku ile nilijua, na nadhani ndiyo sababu, kwa mara moja maishani, maswali yalikwisha.

Naserian alisogea mbele, akavuta pumzi. Mwalimu Kilonzo, kwenye kinanda, aliniangalia na kuniashiria kwa kichwa: sasa. Nilikilaza kioo kifudifudi sakafuni, nikaishika kamba kwa mikono miwili, nikavuta.

Vifuniko vilianguka kimoja baada ya kingine, kishindo kikitembea ukumbi mzima kuelekea jukwaani, na kukawa giza. Nilisikia mwalimu akiita, "Mwende!" Kisha, kwa mwanga mdogo wa mlango wangu, kabla wimbo haujaanza, nikamwona Koko akivuta shuka yake na kumfunika yule mjukuu kichwa asilowe.